Gari Linagoma Asubuhi? Usimnunie Mwenzio, Sikiliza Injini

Magomvi mengi ya wapenzi tunayoyajadili kwenye kurasa hizi huanzia kwenye simu, kwenye pesa au kwa mawifi. Mwezi huu nataka tuzungumzie ugomvi unaoanzia kwenye betri ya gari. Ndiyo, betri. Usicheke kwanza, maana kuna ndoa moja naijua mimi iliyotaka kuvunjika kwa sababu yake.

Kila ifikapo Juni hadi Agosti, wasomaji wetu wa Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya na Lushoto huishi dunia tofauti na sisi wa Dar es Salaam. Sisi tunafurahia kipupwe, tunazima feni na kulala vizuri. Wenzetu wanaamka na masweta mawili. Njombe mjini pako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda hadi uwanda wa Kitulo kule Makete unakuta sakitu, ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani alfajiri. Huko gari lililokuwa halisumbui mtu Dar linaweza kukukatalia mchana kweupe. Au tuseme alfajiri kweupe.

Yaliyomkuta rafiki yangu

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo alihamishiwa Njombe kikazi. Mumewe akabaki Dar na kazi yake. Yeye akaondoka na mtoto wao wa miaka minne pamoja na gari lao dogo la Kijapani, la petroli, injini ya cc 1,300, automatiki. Mei ikapita salama. Juni ilipoingia, kila asubuhi ikawa shughuli. Akizungusha ufunguo injini inajikokota, nguu... nguu... nguu... halafu kimya. Siku likiwaka, linawaka kwa kubembelezwa. Ajabu ni kwamba likishawaka mara moja, mchana kutwa linaitika kwa mguso mmoja, utadhani si lile lile.

Akaenda gereji. Wakambadilishia plagi zote nne. Wiki ya pili wakasema ni pampu ya petroli, ikanunuliwa. Wiki ya tatu wakamfungia stata ya mtumba. Jumla ikafika laki nne na ushee, na zote alizituma mumewe kwa simu kutoka Dar. Kila mara fundi alimaliza kazi mchana, akawasha, gari likawaka, mteja akalipa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mambo ni yale yale.

Sasa mtoto lazima aende shule na mama lazima awahi kazini. Jirani mmoja, mwanamume wanayefanya naye kazi, akawa anawapa lifti. Unajua mji mdogo ulivyo. Maneno yakasafiri kuliko basi la usiku, yakamfikia mume. Akapiga simu.

"Hela natuma mimi. Gari limetengenezwa mara tatu. Bado unapanda gari la mtu kila siku? Hilo gari linagoma kweli, au kuna kingine kinachogoma?"

Rafiki yangu hakujibu. Alikata simu, na kuanzia siku hiyo hakuomba hata senti. Wiki tatu nzima mazungumzo yao yakawa: "Mtoto mzima?" "Mzima." Basi, imeisha hiyo.

Kwa nini baridi?

Kabla sijasema ilivyoisha, tuelewane kwanza jambo moja. Baridi hailiharibu gari lako kwa usiku mmoja. Kazi yake ni kufichua kilichokuwa kibovu tangu zamani. Mambo matatu hutokea kwa pamoja.

Kwanza ni betri. Umeme wake unatokana na kemikali, na kemikali ikipoa hufanya kazi polepole. Joto likishuka hadi kwenye kuganda kwa maji, nguvu ya betri ya kuzungusha injini hubaki kama theluthi mbili tu ya ile ya siku ya joto. Betri mpya inamudu hilo. Betri iliyochoka haimudu.

Pili ni oili. Ikipoa inakuwa nzito kama asali ya asubuhi, kwa hiyo stata inalazimika kutumia nguvu nyingi zaidi kuizungusha injini. Yaani betri imepungukiwa nguvu siku ile ile kazi ilipoongezeka.

Tatu ni petroli. Kwenye baridi haigeuki mvuke kirahisi, na kinacholipuka ndani ya injini ni mvuke, si majimaji. Ndiyo maana injini ya baridi inahitaji petroli nyingi kidogo ili iwake.

Na hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui. Kinachoua betri hasa ni joto. Betri iliyokaa miaka Dar kwenye foleni, jua kali na injini ya moto, huchakaa ndani kwa ndani bila kulalamika kwa sababu kuwasha gari kwenye joto ni kazi nyepesi. Ukiipandisha milimani ndipo inaumbuka. Dar imeua, Njombe imetangaza msiba.

Sikiliza kabla hujalipa

Si lazima uwe fundi. Unahitaji masikio na dakika mbili za utulivu. Washa taa kubwa za mbele, kisha zungusha ufunguo huku ukizitazama taa. Halafu linganisha na haya:

*Injini inajikokota na taa zinafifia sana.* Shuku betri, au vichwa vya waya za betri vimelegea au vimeota ukungu mweupe na kijani. Oili nzito nayo inaweza kuchangia.

*Inalia tk-tk-tk-tk harakaharaka, injini haizunguki.* Betri haina nguvu ya kutosha, au waya zake hazijashika vizuri.

*Inalia "tak!" mara moja, taa zinabaki na mwanga wake.* Hapo stata au waya zinazokwenda kwenye stata ndizo za kuangaliwa.

*Injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki.* Betri na stata ziache kabisa. Tatizo liko kwenye moto wa plagi au kwenye petroli. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata, kisha tega sikio. Kwenye magari mengi ya EFI utasikia pampu ikivuma kama sekunde mbili. Kama hakuna mvumo kabisa, mwambie fundi aanzie hapo.

*Linasumbua likiwa la baridi tu, likipata moto ni zima, na injini inazunguka vizuri.* Mwambie fundi apime senza ya joto la maji. Hii ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini ni ya baridi. Ikidanganya kuwa injini ina moto, kompyuta inabania petroli na gari linakataa kuwaka.

Rudi sasa kwa rafiki yangu. Gari lake lilikuwa linajikokota. Plagi haziwezi kuifanya injini izunguke polepole, wala pampu ya petroli haiwezi. Angesikilizwa vizuri siku ya kwanza, vitu viwili kati ya vile vitatu visingenunuliwa.

Fundi aliyekuja na mita

Mwezi wa saba nilipita Njombe kwa shughuli zangu nikalala kwake siku tatu. Alfajiri ya kwanza nilisikia vyombo vinagongana nje. Nikatoka na shuka begani. Nikamkuta amefunga mlango wa banda la gari kuzuia upepo, na anasukuma jiko la mkaa linalowaka chini ya injini "ipate joto." Mtu alikuwa amemwelekeza hivyo. Na dirisha la chumba anacholala mtoto linatazamana na lile banda.

Jamani, nasema kwa herufi kubwa: USIFANYE HIVYO. Petroli ikidondoka tone moja, au mvuke wake ukifika kwenye makaa, ni moto. Na hata moto usipowaka, mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Moshi wa gari una gesi hiyo hiyo, kwa hiyo usiache gari likinguruma ndani ya banda lililofungwa eti lipashe moto. Litoe nje kwanza. Tulilitoa lile jiko pamoja, mlango tukauacha wazi, na siku hiyo yeye na mtoto wakaenda kwa bajaji.

Jioni tukamtafuta fundi umeme wa magari tuliyeelekezwa na wenye mabasi madogo. Mzee mtaratibu. Akasikiliza habari yote mpaka mwisho, kisha akasema neno moja ambalo nimeliandika ukutani ofisini kwangu.

"Dada, gari la baridi halipimwi jua likiwa utosini. Ama liniachie lilale kwangu, ama nije kwako kabla halijaguswa."

Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni na mita yake ndogo. Mimi ndiye niliyeshika taa. Betri ikiwa imelala usiku kucha, mita ikasoma volti 12.1. Betri nzima iliyojaa chaji husoma 12.6 au zaidi kidogo, na ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Akaomba ufunguo uzungushwe. Injini ikajikokota na mita ikaporomoka hadi 8.3. Akasema ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazungusha, hiyo si ya kuaminiwa.

Hakukimbilia kuuza betri. Alifungua vichwa vya waya, hasi kwanza, akavisafisha kwa maji ya moto yenye magadi na brashi ya chuma. Akasafisha pia pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi. Akavikausha, akavifunga, hasi mwisho, akavipaka grisi. Akapima tena: 8.7. Nafuu kidogo, lakini ugonjwa upo. Akabusti kwa gari lake, injini ikawaka, akapima ikiwa inanguruma: 14.2. "Oltaneta haina kosa, inachaji," akasema. Inayosoma kati ya 13.8 na 14.5 kwa kawaida ni nzima.

Yakabaki mawili. Ama kuna kitu kinanyonya umeme usiku, kama alamu au redio, ama betri yenyewe haikai na chaji. Akaifungua akaenda nayo kwake, akaichaji mpaka ikajaa, akaiacha usiku mzima mezani bila kuunganishwa na kitu chochote. Asubuhi ilisoma 12.2. Hapo mjadala ukafungwa, kwa sababu mezani hakuna alamu wala redio ya kusingizia. Betri ilikuwa na miaka mitano, na minne na ushee iliishi kwenye joto la Dar.

Bado akauliza oili. Ilikuwa 20W-50, wakati kitabu cha gari lile kinataka 5W-30. Namba ya kabla ya W ndiyo inayoonyesha wepesi wa oili ikiwa ya baridi, na ikiwa ndogo basi oili ni nyepesi zaidi asubuhi. Ikabadilishwa.

Asubuhi ya tatu, majani ya nje yakiwa meupe, rafiki yangu akagusa ufunguo mara moja. Likawaka. Hakusema kitu. Aliegemeza kichwa kwenye usukani akalia.

Kama lako ni la dizeli

Injini ya dizeli haina plagi za moto kama za petroli. Inategemea hewa iliyobanwa sana mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Kwenye baridi, chuma kinakunywa joto hilo, na milimani hewa yenyewe ni nyepesi. Ndiyo maana pikapu nyingi za dizeli zimefungwa hita, moja kwa kila silinda. Ukiwasha swichi utaona kitaa cha alama ya waya uliojikunja. Subiri kizime ndipo upige stata. Wengi hawasubiri, halafu wanalilaumu gari. Kama unasubiri na bado linawaka kwa kutetemeka na moshi mweupe, na likipata moto linatulia, mwambie fundi apime hita moja moja. Mara nyingi iliyokufa ni moja au mbili tu.

Kubusti bila madhara

Mpangilio ni huu, bandika kwenye dashibodi. Magari yote yazimwe na yasigusane. Waya mwekundu: kwanza chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi: kwanza hasi ya betri nzima, kisha ncha ya mwisho ifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake. Betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, na cheche ya mwisho hutakiwi kuipiga juu yake. Washa gari zima, subiri dakika chache, kisha jaribu lililogoma. Likiwaka, toa waya kwa kurudi nyuma, wa mwisho kufungwa awe wa kwanza kutoka.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzika nusu dakika hadi dakika, kisha rudia. Kama ni EFI usikanyagekanyage mafuta, kompyuta inajua kazi yake. Na kama ni automatiki, usihangaishe vijana wa mtaani kulisukuma. La gia za mkono huitika kwa kusukumwa, automatiki za kawaida haziitiki.

Jambo la mwisho: safari ya dakika 10 kwenda na 10 kurudi haitoshi kurudisha chaji iliyoliwa na stata ya asubuhi. Walau mara moja kwa wiki litembeze gari nusu saa au zaidi bila kusimama.

Na nyumbani je?

Rafiki yangu alikuwa amerekodi kila kitu kwenye simu: sauti ya injini ikijikokota, mita ikiporomoka hadi 8.3, betri mezani. Akamtumia mumewe bila maelezo yoyote. Baada ya nusu saa simu ikaita. Aliiweka wazi, kwa hiyo niliyasikia.

"Mama, nisamehe. Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Sema."

Kimya kirefu. Kisha mume akalisema, lote, kwa jina lake. Kwamba alidhani ana mtu. Rafiki yangu akamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Betri ilikufa ukiwa unaliendesha wewe, mume wangu. Mimi nimeizika tu." Nikasikia yule bwana anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Ijumaa alipanda basi kwenda Njombe, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa yule jirani kumshukuru kwa kuwabeba mkewe na mtoto wake.

Sitaki kukudanganya kwamba waliyamaliza yote kwa simu moja. Neno likishatoka halirudi, na rafiki yangu aliniambia bado linamchoma akilikumbuka. Lakini waliwekeana utaratibu ambao nadhani unamfaa kila mwenye gari na mwenzi, hasa mnaoishi mbali mbali.

Moja, kabla ya kutuma au kuomba pesa ya fundi, kuwe na kipimo. Swali la kumuuliza fundi ni rahisi: "Umepima nini, na imesoma ngapi?" Akijibu "tujaribu hiki kwanza," anajaribu kwa pesa zenu.

Mbili, kifaa cha zamani kirudi mkononi mwa mwenye gari. Kikae nyumbani mpaka tatizo liishe.

Tatu, kama gari linagoma asubuhi, lipimwe asubuhi. Kuwaka mchana si ushahidi wa kupona.

Nne, na hii ndiyo kubwa: mwenzio akisema gari haliwaki, anza kwa kuuliza "linaliaje?" Swali hilo linamsaidia fundi, na linamwambia mwenzio kwamba unamwamini. Ukianza na "hela imeenda wapi?" umeshahamisha ugonjwa kutoka kwenye gari kwenda kwenye nyumba, na huko hakuna mita ya kuupima.

Wikiendi hii fungua boneti, mkiwa wawili kama inawezekana. Tazama vichwa vya betri, soma tarehe iliyoandikwa juu yake, uliza mlitia oili namba ngapi. Ikizidi miaka mitatu, ipelekeni ikapimwe kabla ya Juni. Ni kazi ya dakika chache, na fundi mwenye mita yupo karibu kila mji.

Tukutane mwezi ujao.